Jarida Lifike Salama: Mwongozo kwa Katibu na Mwanachama wa Chama cha Mimea

Mwanachama wa chama cha mimea anayeishi mbali na wenzake hana mkutano wa kila mwezi wala maonyesho ya kuhudhuria. Alicho nacho ni jarida. Sehemu kubwa ya ada yake humrudia ikiwa karatasi iliyochapwa: picha za maua, maelezo ya udongo na mwanga, orodha ya aina mpya. Likipotea njiani, au likifika limelowa na kurasa zimegandana, chama kimempa kidogo sana mwaka huo. Ndiyo maana nashikilia kuwa kulilinda jarida posta ni kazi ya chama kama ilivyo kazi ya kuliandika, na haifai kuachiwa mchapaji peke yake.

Nitatoa mifano mingi kutoka Marekani, kwa sababu huko vyama hivi ni vingi na posta ina taratibu zinazojulikana wazi. Mmoja kati yake unatuhusu moja kwa moja. African Violet Society of America ni chama cha wapenzi wa Saintpaulia, ua dogo la zambarau ambalo asili yake ni misitu ya milima ya Tanzania na Kenya, hasa Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa utawala wa Kijerumani upande wa Tanga, ndiye aliyesababisha ua hilo lifike Ujerumani, na mwaka uliofuata Hermann Wendland akalipa jina la kisayansi. Chama kiliundwa Atlanta mwaka 1946 na jarida lake, African Violet Magazine, likaanza mwaka 1947. Ndicho chenye mamlaka ya kimataifa ya kusajili majina ya aina za ua hilo zinazozalishwa bustanini. Mtu wa Lushoto au Muheza anayetaka kujua ua la msitu wake limefanywa nini duniani atalisoma hapo, ikiwa nakala itamfikia.

Anwani kwanza, bahasha baadaye

Majarida mengi yanayosemwa yamepotea posta hayakupotea posta. Yalikwenda kwenye anwani ya zamani, au hayakutumwa kabisa kwa sababu ada ilikwisha na mwenyewe hakujua. Kwa hiyo, katibu, usianze kwa kununua bahasha nene. Anza na daftari la wanachama.

Chapa tarehe ya kwisha kwa uanachama kwenye lebo, juu ya jina. Ni mstari mmoja tu, na kila mara jarida linapofika mwanachama anaona amebakiwa na miezi mingapi. Atalipa kabla ya kukatwa, na mhazini hatapokea barua za malalamiko kuhusu toleo ambalo halikuwahi kutumwa.

Weka jina la mtu mwenyewe mstari wa kwanza, hata kama anatumia anwani ya taasisi. Tanzania watu wengi hupokea barua kupitia S.L.P. ya ofisi, shule au parokia. Bahasha iliyoandikwa jina la shule tu hufunguliwa na yeyote, na jarida lenye picha nzuri hubaki mezani kwa wageni. Ongeza namba ya simu ya mwanachama chini ya anwani. Karani akiona namba atapiga, na bahasha haitakaa rafu ya nyuma hadi irudishwe.

Kenya, namba ya sanduku haitoshi bila msimbo wa posta. Sanduku lenye namba ileile linaweza kuwapo posta kuu ya Nairobi yenye msimbo 00100, likawapo tena City Square yenye 00200 na Westlands yenye 00800. Oman nako sanduku huandamana na msimbo, wa tarakimu 3. Katibu aliyeko Marekani hawezi kujua haya, na programu yake ya anwani huenda ikafuta tarakimu za mwanzo kwa kuwa ni sifuri. Mwanachama ndiye wa kumwandikia kwa usahihi, kisha aitazame lebo ya toleo la kwanza linapofika na kumwambia kama kuna kasoro.

Jambo la mwisho kuhusu daftari, ambalo watumaji wakubwa hulifanya na vyama vidogo hulisahau: weka mashahidi. Katibu ajitumie nakala moja kwa posta ileile, na katika kila nchi au mkoa wa mbali achague mwanachama mmoja mwaminifu wa kumjulisha tarehe nakala ilipofika na hali yake. Baada ya matoleo mawili au matatu utajua njia ipi ni mbovu, na hutategemea tena manung'uniko ya wachache.

Jua unachokilipia

Nchini Marekani daraja la posta ndilo linaloamua jarida litafanywa nini mpokeaji akihama. Daraja la majarida linataka chapisho litoke angalau mara 4 kwa mwaka, na posta humpelekea mwanachama aliyehama nakala kwenye anwani mpya kwa siku 60 tu bila malipo. Daraja la matangazo kwa vyama visivyotafuta faida ni nafuu zaidi, lakini linataka angalau vipande 200 au ratili 50 kwa mkupuo, na kipande kisichofikishika hutupwa, isipokuwa chama kimechapa juu yake ombi la kurudishiwa au kupewa anwani mpya. Vyama vingi havilijui hilo. Nakala hutupwa mwaka mzima na hakuna anayeambiwa.

Daraja la kwanza hubeba bahasha kubwa hadi aunsi 13, yaani kama gramu 368. Humfuata aliyehama kwa miezi 12, na ikishindikana hurudi kwa mtumaji bila malipo ya ziada. Kwa chama cha watu 150 ningelilipia bila kusita. Ukihesabu nakala za kutuma tena, muda wa katibu na mwanachama anayeondoka kwa kukata tamaa, unafuu wa daraja la chini huyeyuka.

Uzito unaweza kuupunguza kiwandani. Kurasa 48 za A4 kwenye karatasi ya gramu 115 zina uzito wa takriban gramu 172, bila jalada. Ukitumia karatasi ya gramu 90 zinashuka hadi gramu 135 hivi. Tofauti hiyo inatosha kulipia kadibodi ya kinga kwa nakala za mbali. Lakini usiguse jalada: liache zito, maana ndilo linalopigwa na mashine na mikono yote.

Kinga yenyewe

Jarida linaloumia njiani huumia kwa namna tatu: maji, mikunjo, na jalada kuchanwa na mashine ya kuchambua barua. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja huweza kuleta nyingine.

Dhidi ya mashine, jarida lisilofungwa linaweza kusafiri vizuri ndani ya nchi ikiwa ni jembamba, limeshonwa kwa pini katikati na jalada lake ni imara. Lebo ikae nusu ya juu ya jarida, kama posta ya Marekani inavyotaka kwa vipande bapa, na isikae juu ya picha ya jalada. Lebo inayong'oka huondoka na wino, na hakuna mpenzi wa maua anayetaka ua la toleo likiwa na kovu. Mwombe mchapaji aache nafasi nyeupe jalada la nyuma. Mgongo wa gamu unapendeza rafuni, ila jarida likikunjwa ili liingie kwenye kisanduku chembamba gamu hupasuka na kurasa zikaanza kuchomoka. Kwa chapisho la kurasa chache ningebaki na pini, nikijua kwamba pini nazo hushika kutu katika unyevu wa pwani. Kutu ya pini naivumilia kuliko ukurasa uliopotea.

Dhidi ya maji, wengi hukimbilia nailoni. Inazuia mvua na inaonyesha jalada, kweli. Lakini nailoni iliyozibwa pande zote hufunga unyevu ndani kama inavyouzuia nje. Jarida likitoka kiwandani wino haujakauka vizuri, likafungwa, kisha likakaa kwenye gari au kisanduku cha chuma juani, jalada hushikana na nailoni au na nakala ya jirani. Mwambie mchapaji aziache nakala zipumzike kabla ya kufungwa, na tundu dogo la hewa liwepo. Vyama kadhaa vya Ulaya vimehamia nailoni ya wanga wa viazi, inayooza kwenye mboji. Wazo ni zuri kwa watu wa bustani, ila wanga hupenda maji, na sitaipendekeza kwa njia inayopita Mombasa au Dar es Salaam wakati wa masika.

Tena kwa Afrika Mashariki kuna suala la sheria. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, Kenya tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania tarehe 1 Juni 2019. Misamaha ya vifungashio vya viwandani ipo, lakini hakuna haja ya kumfanya karani wa posta aamue kama gamba la jarida lako ni mfuko au kifungashio. Kwa nakala zinazokuja huku tumia bahasha ya kaki nzito.

Bahasha ya C4, yenye milimita 229 kwa 324, huibeba A4 vizuri na kuacha nafasi kidogo pembeni. Nafasi hiyo ina kazi: bahasha ikigonga pembe, inayokunjika ni bahasha. Ikizidi, jarida hutelezateleza ndani na kujiumiza lenyewe. Tia kipande cha kadibodi nyembamba nyuma ya jarida kwa nakala za nchi za nje, na upitishe utepe wa gundi kwenye mfuniko wote, maana gundi ya kulamba huachia kwenye joto lenye unyevu. Kwa nakala ya maktaba, au ya mtu aliyeko kisiwani, viringishia jarida karatasi ya nta ndani ya bahasha. Huzuia matone bila kuliziba pumzi.

Usitie kitu kingine ndani

Hapa naomba nisikilizwe, kwa sababu watu wa mimea ni wakarimu, na ukarimu huu huharibu majarida kuliko mvua. Katibu anaona nafasi ndani ya bahasha, anatia pakiti ya mbegu. Mwanachama anamrudishia mwenzake toleo la zamani akiwa amebana jani la Saintpaulia katikati ya kurasa, kwa kuwa jani moja tu likichomekwa kwenye udongo hutoa mche.

Kwanza, pakiti huvuruga unene. Mashine hupenda kipande kilicho sawa kila mahali, na posta ya Marekani hairuhusu tofauti ya unene kuzidi robo inchi. Penye uvimbe ndipo mpasuko hutokea, mbegu husagwa, na jalada hubaki na alama ya duara. Pili, na hili ni kubwa zaidi, jarida lenye mbegu si tena chapisho. Bahasha kubwa za kimataifa za daraja la kwanza kutoka Marekani zinaruhusiwa kubeba nyaraka tu. Chochote kilicho bidhaa huenda kama kifurushi chenye fomu ya forodha. Mbegu na vipande vya mmea vinahitaji pia kibali na cheti cha afya ya mimea. Kenya vinakaguliwa na taasisi ya afya ya mimea, KEPHIS, Tanzania na mamlaka ya afya ya mimea, TPHPA, na wakaguzi wana haki ya kuzuia bahasha nzima. Kaktasi na mishubiri, zaidi ya hayo, karibu zote zimo katika orodha za CITES, mkataba wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Toleo la mwanachama litakaa kwenye chumba cha ukaguzi kwa sababu ya zawadi ambayo hata hakuiomba.

Mbegu zina njia yake halali, na chama kinachozipenda kiandae mfuko wa mbegu wenye taratibu zake. Barua binafsi nazo ziende peke yake, hasa unapotumia viwango vya machapisho.

Kwa wanachama wengi walio mji mmoja ng'ambo, uliza posta kuhusu mfuko wa M. Ni mfuko wa machapisho ya mpokeaji mmoja katika anwani moja, na taratibu za Umoja wa Posta Duniani zinauruhusu kufika kilo 30. Kutoka Marekani unalipia angalau ratili 11 hata ukiwa mwepesi, hivyo unafaa pale penye kikundi: mwenyekiti wa Nairobi anapokea mfuko, anagawa nakala kwenye mkutano. Nakala hupita mikono michache na kuumia kidogo.

Stakabadhi na nakala za maktaba

Katibu atunze kila stakabadhi ya posta yenye tarehe ya siku alipokabidhi toleo. Hii si kwa ajili ya mhazini tu. Hadi mwisho wa 2011, kanuni za kimataifa za majina ya mimea zilitaka jina jipya lichapwe kwenye karatasi na karatasi hiyo isambazwe, ndipo lihesabiwe kuwa limetangazwa. Tangu tarehe 1 Januari 2012 PDF yenye namba ya utambulisho ya ISSN au ISBN nayo inakubalika. Kwa chapisho la karatasi, kanuni hizo zinapendekeza siku mchapishaji anapozikabidhi nakala kwa posta au msafirishaji wa kawaida ihesabiwe kuwa ndiyo siku ya kutangazwa. Watu wawili wakiupa mmea mmoja majina mawili, tofauti ya siku chache huamua jina lipi litabaki. Majarida ya vyama vya kaktasi na mimea yenye majani manene yametangaza majina mapya mara nyingi, kwa hiyo kipande hicho cha karatasi kina uzito wa kisayansi.

Kwa sababu hiyohiyo, nakala za maktaba za bustani za mimea na za hifadhi za mimea iliyokaushwa zisiende zote siku moja kwa njia moja. Tuma mbili kwa bahasha tofauti, wiki tofauti. Na uchape nakala za ziada za kutosha, kwa sababu kuongeza chache wakati mashine inazunguka ni rahisi, na kurudi kiwandani kwa ajili ya nakala tano ni ghali mno.

Upande wa mwanachama

Kama una sanduku la posta, lipia kodi yake mapema. Sanduku lisilolipiwa hufungwa, na bahasha zako hurudishwa au hukaa bila mwenyewe. Litembelee mara kwa mara: jarida lililobanwa chini ya matangazo na bili kwa miezi miwili huchukua umbo la sanduku.

Ukiishi Marekani na kisanduku chako kipo barabarani, hakikisha ni kipana vya kutosha kulaza jarida bila kulikunja, mlango wake unafunga, na sakafu yake haituamishi maji. Ukisafiri, omba posta ikushikilie barua. Huduma hiyo huanzia siku 3 hadi siku 30. Ukihama, usitegemee fomu ya posta ya kubadili anwani peke yake, kwa sababu ya zile siku 60. Mwandikie katibu mwenyewe, mapema, maana orodha ya lebo hutoka wiki kadhaa kabla ya jarida.

Nakala isipofika, ulizia kabla ya toleo linalofuata kutoka. Ukikaa mwaka, katibu hana tena ziada wala kumbukumbu. Ikifika imeharibika, piga picha ya gamba pande zote mbili na picha ya jarida lenyewe, kisha usilitupe gamba hadi ujibiwe. Mihuri na alama zake ndizo zinazoonyesha ilipopita, na mpasuko wa mashine haufanani na mpasuko wa mkono.

Na likifika limelowa, usilikaushe likiwa limefungwa. Karatasi ya kung'aa imepakwa tabaka la udongo mweupe laini. Ikilowa tabaka hilo hulainika, na kurasa zikikauka zikiwa zimegusana hugeuka kibao kimoja. Hapo hakuna fundi wa kuzitenganisha. Zifungue taratibu zingali mbichi, tia karatasi ya kuokea kati ya kurasa, ubadilishe kila inaposhika maji, na uweke feni ipulize hewa kwa mbali. Pasi na jua kali hukunja kurasa na kufifisha rangi. Kama huna nafasi siku hiyo, lifunge vizuri uliweke kwenye friza ndani ya saa chache. Baridi husimamisha kazi zote mbili, ya kugandana na ya ukungu, ambao huweza kuanza ndani ya siku mbili au tatu. Utaliendea ukiwa na muda.

Toleo lijalo la chama chako huenda tayari liko kwa mchapaji. Mwandikie katibu leo jina lako, sanduku, msimbo, mji, nchi na namba ya simu, hata kama unaamini anavyo, na umwombe akuthibitishie tarehe uanachama wako unapokwisha.